Simu Sikioni, Mhudumu Mezani

"Ninauza vitunguu kwa jumla Soko la Kilombero, Arusha. Mzigo wangu unatoka Mang'ola, kwa hiyo simu ndiyo ofisi yangu. Wakulima, madereva wa malori na wanunuzi wananipigia tangu alfajiri. Wiki iliyopita nilimpeleka mama kliniki KCMC, tulipotoka tukaingia mgahawa mmoja Moshi mjini. Mhudumu alipofika mezani nilikuwa naongea na dereva aliyekwama njiani na magunia 80. Nikamwonyesha binti kwa kidole kwenye menyu, nikaendelea na simu. Mama meno yake si mazuri, nilikuwa namwagizia mtori, yakaja machalari. Nikakasirika, nikamwambia yule binti awe makini na kazi yake. Akaomba radhi, akabadilisha. Wakati wa kuondoka niliacha bakshishi ya shilingi 2,000. Kwenye gari mama akasema: 'Yule mtoto hukumpa hata salamu, baba.' Hakusema lingine mpaka Marangu. Mke wangu yuko upande wa mama. Wenzangu sokoni wanasema mteja ni mfalme, nimelipa, na bakshishi nimeacha. Halafu mbona wahudumu wenyewe wanachati mbele yetu kila siku? Niambie ukweli: nimekosea wapi, na nifanyeje wakati simu ndiyo riziki yangu?"

Kaka, kutoka KCMC hadi Marangu si mbali, lakini ukiendesha na mama aliyenyamaza pembeni yako inakuwa safari ndefu. Nadhani hicho ndicho kilichokufanya uandike, zaidi ya yale machalari. Nitakujibu kama mtu aliyebeba trei miaka tisa kabla ya kuanza kufundisha wahudumu wa hoteli na migahawa, Moshi na Arusha.

Nianze na lile ambalo hukukosea. Kupokea ile simu halikuwa kosa. Dereva amekwama, mzigo unaoza, na wewe ndiye mwenye mali. Hakuna mama wa Kichaga atakayekulaumu kwa kuangalia mali yako isiharibike. Mama yako mwenyewe, ukiyasoma tena maneno yake, hakutaja simu. Alitaja salamu. Mkeo na wenzako wa sokoni wamegeuza jambo hili kuwa ugomvi wa simu, kumbe mama aliona kitu kingine kabisa, na mimi nipo upande wake.

Lakini tuanzie jikoni, maana hapo ndipo pana somo ambalo wateja wengi hawalijui. Watu hudhani kuagiza chakula ni kutoa ishara: unaonyesha, mhudumu anaandika, kinakuja. Sivyo. Kuagiza ni mazungumzo mafupi, na sehemu yake muhimu kuliko zote ni ile mhudumu anaporudia. "Mtori mmoja, chapati mbili, soda baridi au ya moto?" Tunawafundisha wahudumu kurudia namna hiyo kwa sababu ndipo makosa mengi yanapokamatwa kabla hayajafika kwenye sufuria. Sasa fikiria menyu ya Moshi. Mtori ni ndizi na nyama, machalari ni ndizi na nyama, na aghalabu vimeandikwa mstari chini ya mstari. Kidole cha mtu mzima kinafunika mistari yote miwili. Binti aliona kidole chako, hakusikia neno, na hakuwa na nafasi ya kurudia kwa sababu ulikuwa kwenye simu. Kama angekuuliza, angekukatiza. Alichagua kubahatisha. Mama mwenye meno mabovu akaletewa vipande vya ndizi na nyama ya kutafuna badala ya mtori laini uliopondwa.

Kosa hilo mlilitengeneza wawili, na sehemu kubwa ni yako. Lakini aliyekaripiwa mbele ya watu ni mmoja.

Mbona asingesema tu, "Samahani kaka, ni mtori au machalari?" Hapa kuna jambo la maumbile ya mazungumzo yenyewe. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba mtu akiulizwa swali, kwa wastani huanza kujibu baada ya kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Upana wa mlango wa kuingilia mazungumzo ya watu ni huo tu. Anayeongea na wewe ana kwa ana huuona ukija, kwa macho yako, kwa pumzi yako, kwa sauti inayoshuka. Anayesimama pembeni yako ukiwa kwenye simu hauoni, kwa sababu nusu ya mazungumzo haisikii. Akidhani umemaliza, kumbe unamsikiliza dereva. Akifungua mdomo, nawe unafungua. Kila akijaribu anaonekana mkorofi.

Na hiyo nusu anayoisikia inamchosha kuliko unavyofikiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha mwaka 2010 kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo ya simu kunavuruga umakini wa msikilizaji kuliko kusikia pande zote mbili. Akili inajitahidi kujaza ile nusu iliyokosekana, upende usipende. Kwa hiyo ulimtaka awe makini huku wewe ndiye unayemwondolea umakini. Na kama uliongea kwa spika ya nje, kama wengi wetu tunavyofanya, basi mgahawa mzima ulijua lori lako limekwama wapi na lina magunia mangapi. Kwa mfanyabiashara, hiyo peke yake ni hatari.

Nikumbuke kidogo ya kwangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimama mbele ya mteja mwenye simu, kalamu mkononi, sijui niende au nibaki. Ukiondoka, atasema umemkimbia. Ukibaki, unaonekana unasikiliza mambo yake ya pesa. Nikabaki, nikatazama ukuta. Meza ya jirani, watu wanne waliokuwa wameshaketi, wakanisubiri, wakachoka, wakaondoka. Jioni nilisemwa kwa ajili yao. Yule mteja wa simu hakujua lolote, na wala hakuwa mtu mbaya. Aliponiangalia hatimaye, alitabasamu vizuri kabisa.

Sasa nije kwenye salamu, maana ndiyo hasa iliyomuumiza mama yako.

Sisi hatuanzi jambo kabla ya salamu. Ukienda kuomba chumvi kwa jirani, salamu kwanza. Ukienda kudai deni, salamu kwanza. Anayeingia moja kwa moja kwenye shida yake bila salamu, tunajiuliza amepatwa na nini. Yule binti, kama ana miaka ishirini na kitu na wewe una umri wa kumwita mdogo wako, huenda alikuja mezani na "shikamoo" tayari mdomoni. Kwa mama yako nina hakika aliitoa, na mama akaitikia "marahaba, mwanangu". Ndiyo maana mama alisema "yule mtoto". Tayari walikuwa wameshakuwa mama na mtoto pale mezani, wewe ukiwa Mang'ola. Kwako shikamoo haikupata pa kutua. Simu ilikunyima wewe nafasi ya kuitikia, ikamnyima na yeye nafasi ya kuonyesha kwamba amelelewa vizuri. Halafu sauti ya kwanza aliyoisikia kutoka kwako ikawa ya kumgombeza. Hebu iweke kwenye mizani ya mama: kijana wake, aliyemfundisha kusalimia hata anayepita na mzigo wa majani kichwani, neno lake la kwanza kwa mtoto wa watu ni karipio.

Wenzako wa sokoni wanasema mteja ni mfalme. Ninalifundisha neno hilo, lakini ninawafundisha wahudumu. Ni neno la mwenye biashara kuwaambia wafanyakazi wake, wala halikukusudiwa mteja ajivike mwenyewe. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anatarajiwa kuja na kitu chema. Ulicholipia pale ni chakula na kazi ya kukileta. Ile subira ya binti, kuomba radhi kwa kosa ambalo nusu yake si lake na kutabasamu wakati moyo umekunjamana, hiyo haimo kwenye bili. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliyaandika haya mwaka 1983 akiwachunguza wahudumu wa ndege: kuipanga sura na hisia zako ili mteja ajisikie vizuri nayo ni kazi, inachosha, na wengi hawaioni. Lugha yetu iliiona zamani. Ndiyo maana tuna "pole na kazi". Sijui mgahawa ambao maneno hayo hayabadilishi sura ya mhudumu papo hapo.

Ile bakshishi ilikuwa nzuri, usijute. Ila sehemu nyingi bakshishi inaingia kwenye kopo moja na kugawanywa kwa wote, hadi jikoni, kwa hiyo huenda binti alipata shilingi mia chache na karipio lote. Hela iliyoachwa mezani pia haisemi ilikuwa ya nini. Kuna na jambo zito zaidi: nilipofanyia kazi mimi, sahani iliyorudishwa ilikatwa kwenye mshahara wangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka masharti na haimruhusu mwajiri kukata mshahara kiholela, lakini binti wa mezani mara nyingi haijui sheria hiyo, au anaijua na anaogopa. Huenda machalari yale yalimgharimu kuliko bakshishi uliyoacha.

Nifanyeje, unauliza. Tuseme ukweli: kukuambia uzime simu ni ushauri wa mtu asiyejua biashara ya vitunguu. Kuiweka kimya na kuichungulia chini ya meza nako hakusaidii, maana utamwitikia binti "mmh" huku macho yako kwenye kioo, na hiyo ni simu ileile bila sauti. Kutoka nje kuongea ni njia nzuri ukiwa peke yako. Ukiwa na mama mgonjwa, unamwacha ameketi na menyu. Na kumbuka mama alikuwepo pale. Angeweza kuagiza mtori wake mwenyewe kwa kinywa chake. Hilo lingemaliza kila kitu, na wewe ungeendelea na dereva wako bila kumkosea yeyote, mradi ungempungia binti mkono na kusema "habari za kazi, dada, mama atakuambia".

Ila dawa ninayoipenda kuliko zote ni maneno matatu ambayo tayari unayatumia sokoni. Mkulima akikupigia ukiwa na mnunuzi mkubwa mbele yako unahesabu fedha, unamwambiaje? "Niko na mtu." Mnunuzi akisikia hivyo anajua unamheshimu, na mkulima wala hachukii. Binti wa mgahawa naye ni mtu. Dereva akipiga, pokea, sema, "Niko na mtu hapa, nakupigia baada ya dakika tano." Mpe dakika, usimwambie "baadaye", kwa sababu aliyekwama njiani akisikia baadaye atapiga tena na tena. Kuagiza chakula cha watu wawili hakumalizi dakika mbili. Zipo siku utapata hasara kidogo kwa dakika hizo, mteja atampigia mwingine. Sitakudanganya kwamba haitatokea. Lakini ni mara chache kuliko unavyohofia, na watu wako wakizoea kwamba ukisema dakika tano ni tano kweli, watasubiri.

Na wao pia wazoeshe. Hodi hupigwa mara tatu, kimya kikizidi mtu anaondoka. Simu ni hodi. Anayepiga mara tisa mfululizo anagonga mlango kwa teke, na unaweza kumwambia hivyo kwa upole. Siku za kliniki ya mama, watumie ujumbe mapema kwamba saa saba hadi saa nane utakuwa hupatikani, wampigie kijana wako wa sokoni.

Kuna sehemu ambazo nakusihi uwe mkali na nafsi yako zaidi ya mgahawani. Kwa wakala, kwa mfano. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 simu imekuwa pochi yetu, kwa hiyo kushika simu mbele ya kaunta siku hizi si utovu wa adabu hata kidogo. Kuongea ndiko kubaya. Kabla muamala haujakamilika jina la anayepokea linatokea, na wajibu wako wakati ule ni kulisoma na kulisikia wakala analitaja. Ukiwa unaongea na dereva utasema "ndiyo, ndiyo", kumbe namba imekosewa tarakimu moja na hela inakwenda kwa mgeni. Benki nyingi zina bango la kukataza simu ukumbini, na sababu yake ni wezi wanaowasiliana na wenzao walio nje. Mlinzi akikuomba uiweke mfukoni, usimjibu kana kwamba amekutukana.

Kwa bodaboda na makondakta sina mengi, ila jambo la Arusha lazima niliseme. "Chalii wangu", yaani kijana wangu, kwa mtu wa rika lako ni upendo. Kwa dereva bajaji mwenye mvi ni kumvunjia heshima, hata kama mwenyewe anacheka. Mwenye duka wa Kichaga ukimwita Mangi anafurahi, maana ni cheo cha watawala wa zamani wa Uchagani. Mhudumu wa kike ni dada, au mama ukiona umri umeenda. Si "wewe", si "psss", si kupiga makofi, si kugonga glasi kwa uma. Na jaribu "naomba" mahali pa "nataka" au "lete". Wageni kutoka nchi jirani hushangaa kwa nini Watanzania tunaomba kitu tunachokilipia. Mimi naona ni utajiri tulio nao, tusiuache.

Sasa hilo la wahudumu kuchati. Uko sahihi, ni kosa, na kila darasa nalipigia kelele. Mhudumu anayetazama simu mteja akiwa amesimama amefanya kile kile ulichomfanyia binti wa Moshi, na yeye ana kosa zaidi kwa sababu yuko kazini. Ila kabla hujahukumu, jua kwamba siku hizi oda nyingi zinakuja kwa WhatsApp, na ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu ile ile. Anaweza kuwa anathibitisha hela ya meza nyingine. Mpe nafasi: "Samahani dada, naomba unisaidie." Akiendelea kucheka na kioo, mwite msimamizi pembeni, umweleze kwa sauti ya kawaida saa ngapi na nini kilitokea. Tafadhali usimpige video. Kuirusha video ya mtu mtandaoni ni kumpa adhabu isiyokwisha kwa kosa la dakika tatu, naye hana pa kujitetea.

Mambo mengine hayatatuliwi kwa maandishi yangu. Kama unaona hata ukitaka kuiacha simu huwezi, unaamka usiku kuitazama, unagombana nyumbani kwa sababu yake, au hasira zako zimeanza kuwaangukia watu wasiohusika, nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Halmashauri ina maofisa ustawi wa jamii, na hospitali kubwa kama Mount Meru kwa Arusha au Mawenzi kwa Moshi ni pa kuanzia kuuliza. Si aibu. Mtu anayebeba biashara nzima sikioni tangu alfajiri anachoka. Na kwa wahudumu wanaosoma hapa: mteja akikushika mwilini, akikutukana au akikufuata baada ya kazi, hilo si suala la adabu tena. Mwambie msimamizi, na asiposikia nenda chama cha wafanyakazi wa hoteli, CHODAWU. Kwa mgogoro na mwajiri kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa aliyekugusa au kukutishia, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Kwako wewe, kaka, yamebaki mawili, na yote yanahitaji miguu. La kwanza, panda Marangu. Usimpigie mama. Keti naye, mwambie umemwelewa, kisha ongeeni mengine. Hatataka maelezo marefu. La pili, siku ya kliniki ijayo rudini kwenye mgahawa ule ule. Ukimkuta binti, msalimie, mwambie, "Siku ile niliagiza kwa kidole, kosa lilikuwa langu." Ukikuta hayupo, mwambie msimamizi maneno hayo hayo, tena wazi, ili kama alisemwa au alikatwa hela ijulikane sahani ile haikuwa uzembe wake. Muulizeni na jina lake. KCMC mtarudi tena, na mama yako bado atahitaji mtori.